Pasaji ya Siku Mbili

Kwa miaka ishirini na sita Hyacinthe alitengeneza vitanda vya watu kulala wawili wawili, na yeye mwenyewe akalala peke yake. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Mulongwe, karibu na soko. Ukipita pale ulimkuta ameinamia ubao, misumari mdomoni, na watu walisema ile misumari ni kisingizio cha kutoongea. Hawakukosea sana. Mteja akiuliza bei, alijibiwa kwa vidole.

Basi mji ulishangaa kusikia kwamba amemposa Florentine, mjane muuza vitenge, ambaye sauti yake ilifika mwisho wa soko bila yeye kuinuka kwenye kigoda. Ukweli ni kwamba Florentine ndiye aliyeposa. Alikuja kuagiza kabati, akalikataa mara tatu ili apate sababu ya kurudi, na mara ya nne akamuuliza fundi kama anangoja mpaka amchongee sanduku la kuzikwa ndipo aseme neno. Fundi akatoa misumari mdomoni. Harusi ikapangwa.

Florentine aliweka sharti moja tu. Baada ya harusi wangepanda meli bandarini Kalundu, waende Kalemie kumsalimu kaka yake. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi na meli ilikuwa Jumatatu, na hizo siku mbili katikati alizitaka katika hoteli ya maana, ufukoni kabisa. Nyumbani kwake kulijaa wajukuu na mashemeji, na hapakupita dakika bila mmoja wao kupaza sauti, akimwita kwa jina la mwanawe: Mama Spès, chumvi iko wapi, Mama Spès, kuku ameingia ndani. Tangu usichana wake hakuwahi kulala mpaka usingizi ukaisha wenyewe.

"Nataka fasi hakuna mtu ataniita," alimwambia. "Na ni weye utachagua. Ukichagua vibaya, nitajua naolewa na mwanaume wa namna gani, na nitabaki na vitenge vyangu."

Hyacinthe alimjua vizuri. Mwanamke huyo hakuwa anatania.

Jumanne akafunga karakana, akavaa shati la kanisani, akapanda pikipiki ya Pitchou, dereva aliyezoea kumbebea mbao, wakaifuata barabara ya ziwani.

Hoteli ya kwanza ilikuwa karibu sana na maji. Tangu ziwa lipande lilikuwa limeshaingia vyumba vinne na kukaa humo bila kuandikishwa. Meneja alimweleza kwamba hiyo ndiyo sifa ya nyumba yake, mgeni hana haja ya kwenda ziwani, ziwa linamfuata kitandani. Hyacinthe alikunja suruali, akatoka.

Ya pili ilikuwa kavu na nzuri, ila jirani yake ilikuwa baa yenye muziki wa kutembeza glasi juu ya meza. Hata hivyo alipiga magoti chumbani, akachungulia chini ya kitanda, akautikisa mguu mmoja. Kitanda kikalia kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Aliondoka, ameona aibu kwa niaba ya fundi mwenzake.

Ya tatu alipoiona tu alijua ndiyo. Ghorofa mbili, vioo vya buluu, mchanga uliofagiliwa, viti vinavyotazama maji na milima ya Burundi ng'ambo. Akapewa ruhusa ya kuangalia chumba, na kitanda cha humo kilikuwa cha libuyu, mbao ngumu, viungo vimebana hata kucha haipiti. Kilichobaki ni kuongea. Resepsio alikuwepo binti mmoja, Claudette, na kwenye baraza nyuma yake watu wanakunywa soda.

Sentensi yake alikuwa ameiandaa tangu njiani, na ndani yake ameweka neno zuri kuliko yote aliyoyajua. Parokiani kuna nyumba ya pasaji, ambamo mapadri na masista walio safarini hulala siku moja mbili kabla ya kuendelea. Vitanda vya nyumba hiyo alivitengeneza yeye. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba katika hoteli za ziwani neno hilohilo lina kazi nyingine. Huko, pasaji ni chumba cha watu wawili wanaofunga pazia mchana, hawaandiki majina, na kabla ya jua kutua kila mmoja anatoka kwa mlango wake.

Akajikaza, akaomba chumba cha pasaji, cha watu wawili.

"Masaa ngapi, papa?" Claudette akauliza bila kuinua macho.

"Siku mbili."

Hapo macho yakainuka. Yakaanzia kwenye kiatu, yakapanda taratibu mpaka kwenye mvi.

"Pasaji ya siku mbili?"

"Ndiyo. Jumamosi tukitoka kanisa."

Barazani mtu mmoja alipaliwa na soda. Claudette akasema, kwa heshima zote, kwamba hapo pasaji haijawahi kupita masaa matatu, hata kwa vijana. Hyacinthe hakuelewa, ila alielewa kicheko. Akatoka bila kuandikisha kitu. Pitchou, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa amesikia kila neno.

Pitchou hakuwa mtu mbaya. Aliisimulia habari hiyo kwenye kituo cha pikipiki tu. Kutoka hapo ilijitembeza yenyewe, ikaingia sokoni, ikapita kwenye samaki wa ndagala, ikapita kwenye mihogo, na kabla ya saa sita Gloriose, rafiki wa Florentine, alikuwa ameinama juu ya vitenge anamnong'oneza kwamba bwana wake ni mtu wa pasaji, tena ya siku mbili.

Florentine aliingia karakana na futi ya kupimia ingali shingoni. Hyacinthe akanyoosha mkono kwenye misumari. Florentine akalisogeza mbali kopo la misumari.

"Leo utasema na mdomo. Uliomba nini kule?"

"Pasaji. Kama ya mapadri."

"Mapadri?"

"Wanalala, kisha wanaendelea na safari. Na siye tutalala, tupande meli."

Florentine akakaa kwenye kitanda ambacho hakijamalizika, akafunika uso. Mabega yakatikisika. Hyacinthe akaona harusi imekwisha, mpaka alipogundua kwamba mwanamke yule anacheka, na anajaribu kujizuia, na hawezi.

Lakini kicheko hakikufuta neno lililokuwa sokoni. Florentine alijua akijificha, neno hilo litakaa nyumbani kwake mpaka uzee. Akafuta machozi, akamwita Pitchou, na wote wawili wakapanda nyuma yake.

Resepsio, Florentine alitumia sauti yake ya sokoni.

"Dada, nipatie pasaji. Saa moja. Niko peke yangu."

Baraza lote likageuka.

"Peke yako, mama?"

"Huyu bwana atabaki inje, hatujafunga ndoa. Nataka kujaribu kitanda alichonichagulia."

Hyacinthe akabaki langoni. Walipita watu wa Mulongwe, wakamsalimu polepole. Akapita Frédéric, katekista, akasimamisha baiskeli, akauliza ndugu yangu unafanya nini mlangoni pa hoteli mchana wote huu. Hyacinthe alimjibu kwamba anamngoja mchumba wake, yumo ndani anajaribu kitanda cha ndoa. Frédéric akaondoka na baiskeli mkononi, amesahau kuipanda.

Saa moja ikaisha. Ya pili ikafika nusu. Claudette akatoka mbio kidogo: mama hajatoka, na mlango hajaufungua. Aende amwite?

"Apana," Hyacinthe akasema, kwa nguvu hata Pitchou akageuka. "Usimwite. Na mtu mwingine asimwite."

Claudette akarudi, akaketi.

Florentine alijitokeza jua limeshainama, mstari wa mto umemchora shavuni, kilemba kimekaa upande. Akauliza nani amewazuia kumwamsha. Claudette akaelekeza kwa kidevu, langoni.

Florentine akamtazama yule mwanamume pale nje. Kisha akaomba daftari la wageni, akaandika majina mawili kwenye mstari mmoja, Jumamosi mpaka Jumatatu, na mahali pa kuandika sababu ya kukaa akaandika: kulala.