Mihayo na Maua ya Maboga

Nyumba nyingi za Buswelu zimesimama juu ya misingi ya mawe aliyoyapasua Mihayo. Alikuwa fundi tangu ujana, mtu wa nyundo na patasi, mpaka presha ya macho ilipoanza kumnyang'anya dunia. Ilianza pembeni, ikasogea taratibu kama ukungu unaotoka ziwani, na asubuhi moja akamuuliza mkewe kama kumekucha, kumbe jua lilikuwa limeshapanda na chai iko mezani.

Mkewe, Angela, ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Binti yao, Queen, ameolewa Magu, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili. Angela akienda kazini, Mihayo alikaa sebuleni na redio. Ilizungumza, naye hakuisikiliza. Hata uani hakutoka. Alisema nje kumekuwa kukubwa mno.

Jumamosi moja Angela aliingia akinukia udongo, akamwekea kitu kizito na chenye unyevu mapajani.

"Ni mboga? Nenda kapike basi."

"Ni mboga ya maboga, lakini nimeing'oa yote, na mizizi yake. Nitaifundishia Jumatatu. Nataka kujua mtoto akiishika atakutana na nini."

"Mimi siioni, Mama Queen."

"Sijakwambia uione. Shika, Baba Queen."

Akashika, ili mradi amalize maneno. Vidole vyake vikaanza chini: mzizi mmoja mnene, na vijizizi vyembamba kama nyuzi, bado vimekumbatia udongo wa baridi. Akapanda kwenye shina. Alidhani shina ni mviringo tu, kama bomba, lakini hili lilikuwa na kona, akazihesabu kwa kidole gumba. Kikonyo cha jani kilikuwa na uwazi ndani. Akakikata, akakipuliza, pumzi yake ikatokea upande wa pili na kumgusa kiganjani. Akacheka kidogo. Jani lenyewe lilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na chini yake mishipa ilitawanyika kama vijito.

"Na hiki kilichojisokota?"

"Kikono. Hicho ndicho kinachoshika fito ili shina lisibaki chini."

Alikaa na kikono kile kwenye kidole chake muda mrefu, hata Angela akaenda kupika, akarudi, akamkuta vilevile.

Mchana ule alilala kwenye kochi akaota. Ndotoni alikuwa mdogo kama siafu, anatembea ndani ya shina la kijani lenye mwanga. Pembeni yake maji yalikuwa yakipanda kimya kimya kutoka ziwani, yakielekea kwenye majani, nayo majani yalikuwa mbali juu, mapana kama mawingu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Alipoamka alimwomba Angela amfungulie mlango wa nyuma.

Mvua za vuli zilipoanza walipanda mbegu za maboga nyuma ya nyumba, katikati ya mawe makubwa. Angela alifunga kamba kutoka mlangoni hadi bustanini, Mihayo akaifuata kwa mkono. Maboga yalitambaa, yakapanda juu ya mawe, naye akawa anayafuata, anapapasa pale yalipofika tangu jana. Maua yakaja. Kisha vitunda vikaanza kudondoka, vidogo, laini, vimeoza ncha.

"Nyuki hawaruki kwenye mvua za asubuhi," Angela alimwambia, akiwa tayari amevaa viatu vya shule. "Lete mkono. Ua hili kikonyo chake ni chembamba na kirefu: hili ni dume. Hili hapa?"

"Kifupi. Chini yake kuna... kuna kaboga."

"Hilo jike. Kaboga hako hakakui bila chavua ya dume. Chuma dume, ondoa petali, kisha mpake jike katikati. Upesi, kabla maua hayajafunga."

Kuanzia hapo, kila alfajiri Mihayo alikuwa bustanini mvua ikimnyeshea mgongoni. Vidole vilivyokuwa vikipasua mawe vilijifunza kugusa kitu laini kuliko kope bila kukichana. Chavua ilimganda. Alinukia utamu wa maua siku nzima, na wakati mwingine alisimama tu pale, maji yakidondoka kutoka jani hadi jani, asijue kama yuko macho au ameingia tena ndani ya lile shina.

Maboga yakashika. Angela akayapika, jirani yao Sabina akaonjeshwa, na kesho yake alfajiri akagonga mlango.

"Shikamoo, Baba Queen."

"Marahaba, mwanangu."

"Yangu kule Igombe yanachanua tu, hayazai. Twende ukaniangalizie."

Tangu macho yazimike Mihayo hakuwahi kuvuka geti. Akaomba kofia yake.

Walipanda bajaji kungali giza. Shamba la Sabina liko karibu kabisa na maji. Mihayo alisikia mawimbi yakilamba mchanga, akasikia ndege wa ziwani, akapiga magoti kwenye umande.

"Nionyeshe mwanzo wa mstari," alisema.

Sabina akamwekea mkono juu ya ua la kwanza. Lilikuwa jike, na lilikuwa limefunguka.