Godoro Koridoni

Blandina, Mtanzania wa mapokezi katika hoteli moja pale Greyville, huko kwa Wazulu, alikuwa na ulimi wa kubembeleza hata kufuli likafunguka lenyewe. Mchana ule akasikia kishindo ghorofani, dari ikatema chokaa, na samaki wa pambo pale ukumbini, haki ya Mungu, wakakumbatiana.

Akapanda mbio. Godoro lilikuwa limetupwa koridoni. Ndani, mzee Anaclet, mgeni kutoka Lubumbashi, alikuwa amemkaba koo mlinzi Steve, anamgongesha ukutani kama anayetwanga kisamvu. Mzee alikuja kumchukua mwanawe, aliyechomwa kisu Warwick Junction akafa. Asubuhi alikuwa ametoa godoro ili alale chini; kwao mfiwa hapandi kitandani. Wahudumu wakaona ni fujo tu. Wakarudisha godoro, wakatandika shuka jeupe, wakakunja mataulo yakawa bata wawili wanaobusiana. Mzee aliporudi toka mochwari, ndio hao bata wakampokea. Akalitupa tena godoro nje, na Steve alipokuja kumzuia, akamrukia.

"Mutoto wangu iko mu frigo!" akanguruma. "Na weye unanitandikia kitanda ya bibi-harusi?"

Steve akachomoa rungu. Pa! begani. Mzee hata kope hakupepesa. Akanyakua birika, akamvunja nalo pua. Damu ikaruka mpaka kwenye feni, na feni ikaigawa kwa haki chumba kizima.

"Toka humo, Blandina!" Meneja Diane alipiga kelele toka kwenye ngazi. "Polisi wanakuja!"

Wakimfunga mzee, nani atasafiri na jeneza kesho? Blandina akavua viatu, akafumua nywele, akaketi juu ya vigae vya taa iliyovunjika, akapiga ukunga wa Kihaya uliosikika hadi mji wa jirani, Pinetown.

"Uuuwi, baba! Mtoto wetu jamani!"

Mkono wa mzee ukalegea. Akaporomoka kando yake, akalia kama fahali aliyechinjwa vibaya.

"Steve, kaa chini," Blandina akasema kwa Kizulu chake cha sokoni.

"Mimi? Kanivunja pua!"

"Pua utamdai baada ya mazishi."

Steve akainua rungu, akamtazama yule mzee sakafuni. Rungu likashuka polepole.

"Mama yangu alikaa hivi hivi, baba alipokufa," akasema. Akaketi.

Polisi wakawakuta wote watatu chini, damu hadi darini.

"Nani kakupiga wewe?"

"Ngazi," Steve akajibu, akipangusa pua. "Eish, ngazi za hapa zina mkono mzito."