Fundi Aliyeisafisha Sauti ya Mkewe

Fundi cherehani huyu mtaa mzima unamjua kwa ugonjwa mmoja: akiona uzi unaning'inia, hapati raha mpaka auchomoe. Hata kwenye shati la mpita njia aliyekuja kuuliza nyumba ya mtu! Utasikia tu, "Hebu simama hapo, mwanangu," na mkasi umeshafika. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata malaika wakija kumchukua, atawakagua kwanza pindo za kanzu zao.

Alikuwa akimtania, nasema, maana sasa hana sauti. Aliugua koo, na madaktari wakaona heri sauti iende, mwenyewe abaki. Mwanamke aliyefundisha chekechea maisha yake yote, aliyeweza kunyamazisha darasa kwa kukohoa tu, alitoka hospitali akizungumza kwa midomo na mikono. Kabla ya kulazwa alijifungia chumbani na kompyuta, akarekodi hadithi zake zote kwa ajili ya wajukuu, ambao huja kuzisikiliza hapo hapo nyumbani. Sauti iliyobaki duniani ndiyo hiyo.

Kila asubuhi, kabla hajaigusa cherehani, fundi alifungua hadithi moja akasikiliza, macho kwenye kioo cha kompyuta. Mkewe akisikia inaanza, huyo, anatoka nje na beseni la nguo, hata kama nguo zenyewe zimeshaanikwa. Hakupenda kujisikia. Mumewe hakumlaumu, lakini yeye angeishije bila sauti ile?

Sasa asubuhi moja, baada ya binti yao kuja kuifanyia kompyuta marekebisho, ikamzukia na swali: faili hili lifunguliwe kwa programu ipi? Fundi akazitazama zile picha ndogondogo, akaona moja tu anayoijua, ile ya kuandikia, anamowekea vipimo vya wateja. Akaibonyeza. Chini yake palikuwa na kisanduku kinachosema "tumia hii kila mara", naye akakitia alama ya vema, kwa adabu zote, asije akausumbua mtambo kuuliza tena kesho.

Lahaula! Badala ya sauti, likafunguka karatasi limejaa takataka: vimraba, alama za kuuliza, herufi za ajabu zisizosomeka. Akafungua hadithi nyingine, takataka. Nyingine, yale yale. Ndipo akafanya jambo ambalo duniani humu ni yeye tu angelifanya. Maneno ya mke wangu yamo humu, akajiambia, yamezongwa tu na nyuzi. Akavaa miwani, akaichukua hadithi ya fisi aliyemeza kengele, akaanza kufuta alama mbaya moja moja, kwa subira ya mtu anayefumua mshono. Karatasi lilipokuwa safi, akahifadhi. Hapakutokea neno hata moja.

Basi akanyamaza nalo. Asubuhi zikapita kimya, na mkewe anasimama mlangoni na beseni lake, anasubiri kukimbia kitu ambacho hakiji. Mwishowe bibi akaliweka chini, akamshika mumewe kidevu, akamwinua uso. Midomo ikauliza, "Kuna nini?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwanamume mzima akalia.

"Sauti yako nimeiua, mama watoto. Kwa mikono yangu mwenyewe."

Bibi hakulia. Aliikumbata kompyuta kwapani, akamkokota mumewe hadi mtaa wa pili, kwa mwanamke mmoja anayetengeneza kompyuta, mdomo wake haujui likizo.

"Mbona hakijafa kitu, baba!" akacheka baada ya kutazama. "Sauti umeipeleka kwenye programu ya kuandikia, itakuimbia vipi? Njoo hapa. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia. Hapo, 'fungua kwa'. Chagua hii ya muziki. Sasa lile neno la 'kila mara', liwekee alama wewe mwenyewe. Uliyeharibu ndiye utengeneze!"

Akaweka.

"Haya, watoto wangu, kaeni vizuri," ikasema sauti. "Na wewe hapo nyuma, acha kuchokonoa pua."

Fundi akajiziba mdomo kwa furaha. Akazijaribu zote, na zote zikasema, isipokuwa ya fisi.

"Hii umeigusa?" mwanamke akauliza.

"Niliisafisha."

Hapo yule msemaji akaacha kucheka. "Pole, baba," akasema taratibu. "Hii hairudi. Labda kama mna nakala."

Hawakuwa nayo. Njiani fundi alitembea ameinamisha kichwa. Walipofika, bibi akamkalisha, akabonyeza kitufe cha kurekodia, akamnyooshea kidole.

"Mimi? Mimi najua kushona tu, mama!"

Akafinywa. Ikabidi aanze: fisi mmoja, mlafi kupindukia, alipita karibu na shule... Bibi alikaa mbele yake, midomo yake ikitangulia neno kwa neno. Fundi akikosea, meza inapigwa kofi, anarudi nyuma. Tangu mkewe atoke hospitali hakuwahi kumtazama muda mrefu hivyo. Lile kovu la shingoni lilikuwa likimtisha, macho yakakimbilia kwenye kompyuta. Leo ilibidi atazame. Na mle midomoni, jamani, mlikuwa na madaha yale yale, na utani ule ule, hata ile namna yake ya kuvuta neno kabla hajachekesha. Kumbe alikuwa akizungumza siku zote hizi. Fundi alisimulia mpaka mwisho huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Asubuhi iliyofuata kompyuta haikuwashwa. Fundi alivuta kiti, akakaa mbele ya mkewe, magoti yakigusana.

"Leo nisimulie wewe," akasema. "Lakini polepole, mama watoto. Bado najifunza."