Sufuria ya Shaba Niliyoipeleka Ukweni

Mnaniuliza kwa nini nikiona shaba inang'aa nageuza uso. Haya, nitasema, ingawa aibu yenyewe inaniwasha masikio hadi leo, na mke wangu huyo hapo ameanza kucheka hata sijafika popote.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaisha, mimi nafanya kazi kiwanda cha mananasi Thika, na nilikuwa nimempenda Wairimu wa Gitothua, kule Ruiru, mpaka nikaanza kukonda. Siku ya kupeleka pombe kwao ikapangwa, kibali cha chifu cha kutengeneza pombe nikapata, asali nikapata, kikabaki chombo tu. Tata Nyambura, shangazi yangu aliyenilea, akanipa kibuyu chake kikubwa cha muratina, pombe yetu ya asali, lakini mimi kijana wa kiwandani niliyezoea mashine nikaona kibuyu ni ushamba (kusema kweli nilitaka kujionyesha). Sufuria mpya za dukani bei yake ilinitoa jasho, halafu nikasikia kuna mzungu wa kahawa karibu na Ruiru anarudi kwao na vitu vyake vinapigwa mnada, nikaenda mbio, nikaikuta: sufuria ya shaba, kubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, ina mfuniko, bei ya kutupa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshindana nami. Hilo lingepaswa kunishtua, lakini wapi!

Nikaisugua kwa mchanga na majivu mara tatu, nikachemshia maji humo, nikatia asali na lile tunda la muratina la kuichachusha, na pombe ilipoiva nikakataa kuihamisha.

"Pombe ya wakwe huenda na kibuyu," Tata akasema.

"Tata, hayo ni ya kitambo."

Akakirudisha kibuyu chake kwenye kona, na mimi nikadhani nimeshinda. Tukaipeleka hivyo hivyo kwa mkokoteni, inang'aa, watu wa Ruiru wanageuka kutazama.

Kule ukweni wazee walikuwa wameketi, na desturi mnaijua, msichana huitwa mbele ya watu akaulizwa kama pombe hii inywewe, na akionja na kumpa baba yake basi amekubali kuolewa. Wairimu akaonja, akaniangalia kidogo tu, akampa baba yake pembe ya kunywea. Nilifurahi nikajisahau. Baba yake, Mzee Kamau, akaiinua mpaka mdomoni, macho yakaangukia sufuria, mkono ukasimama.

"Kijana, hii sufuria umetoa wapi?"

Ningesema ukweli labda ningepona, lakini mdomo wangu haujui kungoja. "Kwa mzungu mmoja, mzee. Walikuwa wanapikia jamu."

"Jamu?" Akainuka, akashika mkono wa sufuria, ule uliozungushiwa waya. "Huu waya nimefunga mimi. Miaka kumi na moja nimekuwa dobi kwa hiyo nyumba. Humu nimechemsha nepi za watoto watatu na chupi za memsahib. Jamu sijawahi kuona."

Halafu nyuma ya mlango mtu akakohoa vibaya sana (mzee mmoja, simtaji, alikuwa ameshajichotea kata nzima kabla ya zamu yake). Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

"Hii pombe haikuletwa," Mzee Kamau akasema, akaweka pembe chini. "Hata huyu msichana hajaulizwa kitu. Rudini kwenu."

Nikaona Wairimu ananiponyoka hivi hivi, kwa sababu ya kiburi changu. Tata hakuniangalia hata.

"Baba," Wairimu akasema, "mimi nimeshameza. Kama nimekunywa maji ya nepi za wazungu kwa ajili ya huyu mtu, mnataka ninywe nini tena ndio mjue nimekubali?"

Wanawake walipiga vigelegele, na mzee mwenyewe akacheka mpaka ikabidi aketi. Wiki iliyofuata nikarudi na pombe nyingine, kwa kibuyu cha Tata, nimeinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo niliapa, chombo cha pombe sichagui tena, nachaguliwa. Sufuria nayo mkwe wangu aliniambia niende nayo, akanionyesha na jinsi ya kukaza ule waya. Nepi za watoto wetu wote wanne zimechemshwa humo, na aliyekuwa akizichemsha ni mimi.