Majani ya Kwa Madamu

Juzi niliingia duka moja pale Kimanga nikaukuta ule mmea wa majani marefu ndani ya chungu, umefungwa utepe mwekundu. Nikatoka bila kununua kitu.

Kwetu mmea ule tuliupanda juu ya makaburi tu. Mama yangu alikuwa akifanya kazi kwa Madamu mmoja Mzungu, karibu na ziwa, na mchana mmoja wa kiangazi, nikiwa mtoto, alinichukua kwenda naye. Sebuleni palinuka nta ya sakafu na maziwa. Mama alichovya kitambaa katika maziwa, akapangusa jani moja moja, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Nilifikiri Madamu alimzika mtoto wake ndani ya chungu kile, nikamhurumia.

“Mama, huyu mutoto wa Madamu alikufa lini?” nilinong'ona.

Mkono wake ukasimama.

“Nyamaza. Madamu iko analala.”

Akaendelea kupangusa.

Leo najua mmea ule ulikuwa pambo tu, na maziwa yalikuwa ya kuyang'arisha majani. Aliyekufa alikuwa mdogo wangu, tuliyemzika Kasenga mwanzoni mwa kiangazi kile. Mama alimpandia tawi la mmea uleule. Lakini kila siku alitoka kwa Madamu giza limeshaingia, na tawi lile likakauka kwa kukosa maji.