Maji ya Baraka na Waranti ya Miezi Kumi na Miwili

Televisheni yangu niliinunua Jumamosi, Padre akaibariki Jumapili, ikafa Alhamisi jioni watu wanakunywa chai.

Na mtaa mzima ukasema nimeiua mwenyewe.

Haya, kaeni niwasimulie. Yalinikuta mimi, Yustina, hapa hapa Morogoro, mwaka 1998.

Nilikuwa nimefanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na mmoja, idara ya ukaguzi. Kazi yangu ilikuwa kutazama kitambaa kikipita mezani na kuweka chaki penye kasoro. Kikaja kipindi cha ubinafsishaji, kiwanda kikapata wenyewe wapya, na sisi wa ukaguzi tukaambiwa asanteni kwa kazi.

Tukapewa mafao. Wenzangu wengi wakafunga virago wakarudi makwao.

Mimi nikasema sirudi.

Kwetu ni Matombo, kule milimani. Na sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu yangu ni mjomba. Mjomba Thobias aliposikia habari za kiwanda, kesho yake alikuwa mlangoni kwangu na ndizi za kupika.

"Yustina, shamba la bibi yako lipo. Rudi nyumbani."

"Mjomba, nataka kufungua mgahawa Msamvu, pale magari ya mikoani yanaposimama."

"Migahawa Msamvu si imejaa?"

"Imejaa. Lakini hakuna hata mmoja wenye televisheni."

Vijana wa leo hamtaelewa. Wakati ule tivii Moro ilikuwa kwa watu wa kuhesabu. Vituo vya watu binafsi ndiyo kwanza vimeanza kuzoeleka, na mtu alikuwa radhi asimame dirishani kwa jirani saa nzima aone taarifa ya habari. Nikajua nikiwa nayo, abiria watakaa, na akikaa atakunywa.

Mjomba akakuna kidevu. Akasema, "Nakupa mpaka Pasaka. Ukisimama, baki. Ukianguka, unapanda gari la Matombo na sufuria zako, sitaki maneno mengine."

Nikasema sawa. Mjomba akishatoa neno hakuna rufaa, na nilijua.

Sasa nikaanza kutafuta televisheni.

Nilikwenda kwanza kwa Mzee Stambuli, fundi redio wa siku nyingi, ana kibanda Mji Mpya. Nikamwamkia. Alikuwa na televisheni moja ya mtumba, inchi ishirini na moja, amefungua mgongo wote. Akanionyesha ndani.

"Humu kifaa hiki nimebadilisha mimi, na hiki. Picha yake nzuri, jaribu mwenyewe."

"Na waranti, mzee?"

"Karatasi sina, binti yangu. Ikisumbua ilete, nitaifungua mbele yako ujue ina nini."

Nikashukuru, nikaondoka. Moyoni nasema, mimi nimefanya ukaguzi miaka kumi na mmoja, leo nikanunue kitu kimeshawahi kufa? Siwezi.

Nikaenda mtaa wa sokoni, kwenye duka jipya la Andrea, limeandikwa kwa rangi nyekundu: SOKO HURIA ELEKTRONIKI. Vioo kila upande. Televisheni nane zinaonyesha picha moja. Andrea mwenyewe amevaa tai, ananukia.

"Dada, hii mpya kabisa, boksi halijafunguliwa. Na waranti miezi kumi na miwili. Ikikohoa tu, niletee."

Akanipa kadi ngumu, ina muhuri wa bluu na saini. Bei yake karibu mara mbili ya ile ya Mzee Stambuli. Nikalipa. Ile kadi ndiyo iliyonimaliza, sitadanganya. Niliishika nikajiona mtu.

Jumapili baada ya misa nikafungua mgahawa. Kwetu mtu haanzi biashara bila baraka, nikamwomba Padre Severin apite. Akanyunyizia mlango, akanyunyizia jiko, mabenchi, mpaka pipa la maji.

Nikaona anakunja kitabu chake.

"Padre, na hii," nikasema. Nikaondoa mwenyewe kitambaa nilichoifunikia.

"Hii nayo?"

"Hii ndiyo hasa, Padre."

Akacheka, akatikisa mkono mara mbili. Matone yakaruka kwenye kioo na juu kidogo. Nikafuta kwa khanga.

Siku tano nilizouza, sijawahi kuuza vile tena. Nasra, jirani yangu wa vitumbua, alikuwa akileta beseni mara tatu kwa siku. Alhamisi hiyo jioni picha ikajibana, ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, kisha giza. Watu wakaguna, wakalipa, wakahamia kwa jirani.

Sikutetemeka. Nina waranti bwana.

Ijumaa asubuhi nikaibeba kwa mkokoteni mpaka kwa Andrea. Akanipokea vizuri, akaniita dada kama mara tano.

"Iache. Rudi wiki ijayo."

Nikarudi wiki ijayo. Akasema fundi amesafiri, nirudi wiki ijayo. Nikarudi tena, akasema kuna kifaa kinatoka Dar, wiki ijayo. Mgahawani kwangu walikuwa wamebaki wateja wawili, na mmoja alikuwa akinywa kwa kunihurumia. Pasaka imebaki siku kumi na nne.

Mara ya nne hakuniita dada.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Hii imewahi kuguswa na maji?"

Jamani, ningeweza kusema hapana. Lakini maji yale yalikuwa ya baraka, unaanzaje kuyakana? Nikamwambia yote, Padre, matone mawili, khanga.

Andrea akachukua kadi yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa saba. Umeandikwa Kiingereza. Akanitafsiria taratibu kama mtoto: kikiingia maji, waranti hakuna.

"Kimeo umekitengeneza mwenyewe, mama. Kamuulize Padre wako."

Duka zima likacheka.

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Nasra akanikuta nimeinamia meza. Nikamwambia, "Labda kweli nimeiua."

Nasra akasema, "Matone mawili? Mbona wewe unaoga kwa ndoo na bado una mdomo?"

Nikacheka mpaka nikalia. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya kweli. Wiki tatu mtu anakuzungusha, eti kifaa, eti Dar, kumbe anatafuta mstari wa saba.

Kesho yake duka lilipofunguliwa, nilikuwa pale. Nikaingia, nikaibeba televisheni yangu mwenyewe, nikatoka nayo nje. Andrea akatabasamu, akidhani nimekubali yaishe.

Nikageuza kreti la soda kando ya mlango wake, nikakaa. Televisheni nikaipakata.

Kila mteja aliyekuja nilimwamkia vizuri. Nikamwambia, "Karibu sana. Ukitaka kujua waranti ya hapa ikoje, niulize, mimi ninayo." Basi. Sikutukana mtu, sikupiga kelele. Namwonyesha kadi, namwonyesha muhuri wa bluu, namwonyesha tivii.

Siku ya kwanza Andrea alinipuuza. Siku ya pili akaniletea soda, nikakataa. Akatishia kuita polisi, nikamwambia awaite, nitawaonyesha kadi na wao.

Mzee Stambuli alipita siku zote mbili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akatembea haraka. Nikaona ajabu, yule mzee hana kawaida ya kupita mtu.

Siku ya tatu nikasikia sauti naifahamu.

"Yustina."

Nikainua macho. Mjomba Thobias, ana kikapu begani. Habari zilishapanda mlima, na zilipanda na mbwembwe zake.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. "Binti wa ukoo wetu amekaa chini barabarani kama amefiwa. Inuka. Twende tukafunge sufuria."

"Pasaka bado, mjomba."

"Nakwambia inuka."

Nataka mjue, sikuwahi kumkatalia mjomba toka nizaliwe. Nikasema, "Mjomba, unisamehe. Sitoki hapa. Utanibeba mimi na hii."

Watu wakajaa. Muuza nyanya, makuli, wanafunzi, kila mtu ana maoni. Andrea akaona ndipo pa kunimaliza. Akatoka nje na tai yake.

"Wananchi, mimi sina neno. Tumwite fundi aseme mbele yenu kama humu hamna maji. Akikuta maji, mama huyu aondoke. Si haki?"

Watu wakasema haki.

"Nenda kamwite Mzee Stambuli," akamwambia muuzaji wake.

Ndipo nilipojua kwamba mzee yule ndiye fundi wake.

Akaja na mkoba wake, ameinamisha kichwa. Wakatoa meza nje. Nikaiweka mwenyewe televisheni juu.

Andrea akasema, "Tukifungua, waranti imekufa rasmi."

"Si ulishaiua wewe? Fungua, mzee," nikasema.

Akafungua skrubu moja moja kwa bisibisi. Akautoa mfuniko wa nyuma, na nikaona ameulaza chini harakaharaka, upande wa ndani ukitazama meza. Akachungulia.

"Hakuna maji humu," akasema. "Kungekuwa na maji kungekuwa na kutu. Kuna kifaa kimeungua, basi."

Watu wakapiga makofi. Andrea akasema sawa, iachwe, itashughulikiwa wiki ijayo.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mfuniko. Miaka kumi na mmoja, ndugu zangu, nimelipwa kutazama kile ambacho mtu mwingine amekikunjia ndani asikione mkaguzi. Nikaugeuza.

Kwa ndani palikuwa na maandishi ya kalamu nene: ST, 11/97.

Nikamuuliza Andrea, "Huko kiwandani kwao wanaandika kwa mkono?"

"Hizo ni namba za kampuni."

"Mimi nimetoka kiwandani. Namba za kampuni hazipindi hivi."

Nikamgeukia Mzee Stambuli. Alikuwa ameshika bisibisi kwa mikono miwili. Nikakumbuka jina lake linavyoanza.

"Mzee wangu, ST ni nani?"

Andrea akasema polepole, "Mzee, una familia. Angalia kazi yako."

Mzee Stambuli akavua kofia yake.

"Ni mimi," akasema. "Kila ninachotengeneza naandika ndani, ili kikirudi nijue nilikigusa lini. Hii iliharibika kwa mtu mwingine mwezi wa kumi na moja. Nikaambiwa itarudi kwa mwenyewe. Baadaye nikaona wanaifungia boksi upya na gundi. Sikusema kitu. Na si hii peke yake."

Kumbe nilikataa mtumba wa yule mzee kibandani kwake, nikaenda kununua dukani mtumba mwingine alioutengeneza yeye yule yule, bei mara mbili, na kadi juu.

Akanigeukia mimi. "Binti yangu, siku mbili nimepita hapa nikashindwa kukutazama. Nisamehe."

Nilimwonea hasira na huruma kwa pamoja, na hasira ilikuwa nyingi.

Mtu mmoja katikati ya watu akasema, "Na mimi nilinunua Januari." Mwingine akasema, "Na mimi redio." Andrea akaanza kufungua tai.

Alinipa nyingine siku hiyo hiyo, na si kwa wema. Nikagoma kuipokea kwenye boksi. Nikasema ifunguliwe mgongo pale mezani, mbele ya watu wote, na nikaangalia ndani kila kona. Ilikuwa safi. Kadi mpya ya waranti aliponipa, niliiacha juu ya meza yake.

Mjomba alikuwa amesimama pale muda wote huo. Akaweka kikapu chini, akainua televisheni, akaiweka begani kwake. Mtu wa miaka sitini na tatu.

"Msamvu ni kulia au kushoto?" akaniuliza.

Tulipofika akaishusha, akajifuta jasho, akakaa kwenye benchi. Nikasubiri aniambie nifunge sufuria.

Akasema, "Nitawaambia nyumbani kwamba shamba la bibi yako litafutiwe mtu wa kulilima. Wewe una kazi."

Pasaka nilikwenda Matombo kusali, na jioni yake nikashuka mjini kwangu.

Mzee Stambuli alifukuzwa kazi dukani, bila shaka. Ilinichukua miezi miwili kumsamehe, siongopi. Nilipomsamehe nikampa nafasi ya meza kibarazani kwangu, kwa sharti moja: kila kitu akifungue mwenye mali akiwa amesimama pale. Alikaa hapo mpaka alipofariki, na watu walitoka mbali, kule Kisaki, kumletea redio.

Siku hizi vijana mnaniandikia kwenye simu mnaniuliza, shangazi, televisheni gani nzuri, waranti miaka mingapi. Mimi sijui chapa. Muulize muuzaji maswali haya: ikiharibika anaifungua nani, anaifungulia wapi, na mimi nitakuwepo? Akianza kukuzungusha, ondoka, hata kama kadi yake ina mihuri kumi.

Na kama umeshanunua, umeshaambiwa urudi wiki ijayo, usirudi wiki ijayo. Usiondoke.