Mfarishi wa Nermin Chini ya Kaunta

Miaka thelathini na ushei Bi Insaf aliuza mashuka ya maharusi pale Muski, Kairo, na hakuwahi kumdai mama wa bibi harusi arubuni. Kudai arubuni ni kumwambia mtu humwamini. Mama akipenda kitu na mkono haujakaa sawa, Insaf alikikunja, akakisukuma chini ya kaunta, akasema, "Hiki chako. Nenda zako." Basi. Hata Haji Shukri, mwenye duka, hakukigusa. Usidhani ni huruma. Mama aliyewekewa kitu hanunui kwingine. Atarudi na dada zake na majirani, nawe utawauzia upendavyo.

Haji alipofariki, mwanawe Wagih akaanza kuuza mtandaoni mali ileile ya kwenye rafu. Kila kifurushi kikabandikwa stika ya mistari myeusi. Kikiingia kinamulikwa kwa kimashine, kikiuzwa kinamulikwa tena, na mteja aliyeko Aswan anaona kwenye simu yake kilichobaki dukani kana kwamba amesimama mlangoni.

"Ukitaka kumwekea mtu, ingiza jina na arubuni," Wagih alimwelekeza. "Bila arubuni mashine haikubali."

"Nimdai arubuni Mama Nermin? Aliyeolewa kwa mashuka yangu?"

"Basi usimwekee, shangazi."

Mama Nermin alikuwa ameutolea macho mfarishi wa satini wa kutandika kitandani, rangi ya maziwa, uliobaki mmoja tu. Alhamisi vyombo vya bintiye vingepakiwa kwenye magari ya wazi, vipitishwe mtaani watu waone, na mama wa bwana harusi alishasema hadharani kwamba anangoja kuona kitanda cha mwanawe kitatandikwa nini. Insaf akaukunja, akausukuma chini ya kaunta. Kisha akafanya alichokiona ujanja: akabandua stika. Aliamini kisicho na stika mashine haikioni.

Mashine haikuwa na haja ya kuona. Mfarishi uliingia, haukutoka. Kwa hesabu yake upo. Jumanne mtu wa Mansura akaununua kwa simu, akalipa papo hapo. Jumatano asubuhi mtu wa pikipiki akaja kuuchukua, rafu tupu. Wagih akapekua kila mahali mpaka chini ya kaunta. Akauinua, akaugeuzageuza.

"Stika iko wapi, shangazi?"

"Nimeibandua mimi. Huo wa Mama Nermin."

"Amelipa?"

"Atalipa. Lini hajalipa?"

"Haujalipiwa, umefichwa, stika imebanduliwa." Aliongea polepole, yule wa pikipiki akisikia. "Angefanya mwingine, ungeliitaje jambo hili?"

Insaf alijua linavyoitwa. Miezi michache tu nyuma yeye mwenyewe alimfukuzisha msichana wa dukani kwa foronya moja iliyokutwa mkobani mwake bila stika.

"Mwambie huyo wa Mansura umekwisha," alisema, sauti imeshuka.

"Nikimvunjia ataninyima nyota mtandaoni, duka litupwe nyuma huko kusikofunguliwa na mtu. Mama Nermin yeye hutoa nyota ngapi?"

Mtu wa pikipiki akacheka. "Jamani, nina mizigo mingine."

Wagih akaweka stika mpya juu ya kaunta. "Bandika mwenyewe. Au tuliite kwa jina lake."

Insaf akabandika. Akamulika. Mfarishi ukaenda zake.

Adhuhuri Mama Nermin akaingia, amemleta makusudi mama wa bwana harusi.

"Toa mzigo wangu, Insaf, mwenzangu auone."

"Umeuzwa."

"Kauuza nani?"

Wagih alikuwa pale pale, anachezea simu. Insaf angeweza kumnyooshea kidole. "Mimi," akasema.

Yule mgeni akavuta kitambaa chake kichwani. "Nami nilivyoimbiwa njia nzima! Eti hapa neno la mtu linatosha."

Mama Nermin hakugombana. Alichukua mfarishi wa karibu, kitambaa hafifu, akasoma bei kwenye stika, akatoa noti. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuuziana bila kuvutana: huyu akitaja nusu, yule akiapia watoto wake, huyu akielekea mlangoni ili aitwe.

"Ngoja nikupunguzie," Insaf akasema.

"Bei si hii iliyoandikwa?"

"Ndiyo, lakini wewe..."

"Basi mulika. Na unipe risiti."